Pikipiki mpya, fedha kidogo: Kipi cha kuongeza, kipi cha kuacha

Na Mwandishi Wetu

KWA kijana anayetoka dukani Kariakoo na pikipiki mpya, safari ya kwanza mara nyingi huishia kwa fundi kabla ya kufika nyumbani. Nailoni ya kiti haijabanduliwa na kibao cha namba bado kinang'aa, lakini mkononi tayari ana orodha ya vitu anavyotaka viongezwe: eksozi yenye mlio mzito, taa kali, spika za muziki, bampa, na pengine kabureta kubwa ili chombo chake kiwaache wenzake wa kijiweni kwenye mataa.

Fedha iliyobaki mfukoni wakati huo huwa ndogo. Bei ya chombo imelipwa, usajili umelipwa, bima imelipwa na leseni imelipwa. Kwa wengi, chombo chenyewe si chao bado. Wamekichukua kwa mkataba, na kila jioni wanatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri hadi siku watakapokabidhiwa kadi. Katika hali hiyo, shilingi inayotumika vibaya humwumiza mwenye chombo mara mbili. Kwanza inatoka siku ya kununua kifaa, kisha inaendelea kutoka kidogo kidogo kwa njia ya petroli, matengenezo na siku za kukaa bila kazi.

Lipo pia jambo kubwa kuliko fedha. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kwa ajali za barabarani, na takriban asilimia 21 kati yao ni watumiaji wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Uamuzi wa nini kifungwe kwenye pikipiki mpya, na nini kiachwe dukani, ni sehemu ya hesabu hiyo.

Je, mtu mwenye fedha kidogo aanze na nini ili chombo chake kiwe na uwezo zaidi? Jibu la kihandisi ni tofauti na lile linalosikika vijiweni. Vinavyoongeza uwezo kwa gharama ndogo ni vile vinavyogusa barabara, vinavyosimamisha chombo na vinavyopeleka nguvu kwenye gurudumu. Injini huja mwisho kabisa, na mara nyingi ni bora iachwe kama ilivyotoka kiwandani.

Farasi 12 na mzigo wao

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji ya Afrika Mashariki ni za injini ya silinda moja, mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, yenye ukubwa wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150. Bajaj Boxer ya daraja la 150, kwa mfano, ina injini ya sentimita za ujazo 144.8 inayotoa takriban nguvu ya farasi 12.

Farasi hao 12 wanatosha kwa kazi waliyokusudiwa. Tatizo huanza pale mwenye chombo anapotaka wakimbie zaidi. Nguvu inayohitajika kuushinda upepo huongezeka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kupambana na hewa inatakiwa izidishwe takriban mara nane. Kwa hesabu hiyo, pikipiki inayofikia kilomita 90 kwa saa ikitakiwa ifike 108, yaani ongezeko la asilimia 20 tu, injini yake ingehitaji karibu farasi 20 badala ya 12. Hakuna eksozi, plagi wala kabureta inayoweza kuleta ongezeko kama hilo katika injini ndogo bila kuivunja.

Sasa utazame upande wa pili wa mizani. Chukua mfano wa pikipiki yenye kilo 120, dereva wa kilo 70 na abiria mmoja wa kilo 70. Jumla ni kilo 260. Dereva akipakia mshikaki, yaani akaongeza abiria wa pili mwenye uzito kama huo, jumla inakuwa kilo 330. Ili pikipiki hiyo ipande mlima kama ilivyokuwa ikipanda awali, ingehitaji nguvu zaidi kwa asilimia 27. Kwa maneno mengine, kumshusha abiria wa pili ni sawa na kuiongezea injini zaidi ya robo ya nguvu zake, tena bure.

Mfano huo unaeleza jambo ambalo wengi hulisahau. Uwezo wa chombo cha kazi haupimwi kwa mlio wala kwa mshale wa spidi. Hupimwa kwa namna kinavyoondoka na mzigo, kinavyoshika barabara ya matope, kinavyosimama mtoto anapokatiza njia, na idadi ya siku kinazofanya kazi bila kulala gereji.

Yasiyogharimu kitu

Kabla ya kununua chochote, mwenye pikipiki mpya anapaswa kumaliza kwanza yale yanayofanyika kwa spana na dakika chache. La kwanza ni upepo wa matairi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, kiwango huwa kati ya 25 na 33 kwa kipimo cha PSI, nyuma pakizidi mbele, na kitabu cha chombo hutaja kiwango kamili cha kubeba abiria. Tairi lenye upepo mdogo huifanya injini ivute kama inayopanda kilima kisichoonekana. Petroli huliwa zaidi, tairi hupata joto na tyubu hukatika mapema.

La pili ni mnyororo. Ukikazwa kupita kiasi hula beari na meno ya sproketi, na ukilegea hurukaruka na unaweza kuchomoka chombo kikiwa mwendoni. Kiwango cha kawaida ni mnyororo kuchezea takriban sentimita mbili hadi tatu unapoinuliwa kwa kidole katikati, lakini kitabu cha chombo ndicho cha kufuata. Mnyororo mpya hunyooka katika siku zake za mwanzo, hivyo ukaguzi wa kila wiki ni wa lazima.

La tatu ni shokomzoba za nyuma. Nyingi zina hatua kadhaa za kukaza springi. Dereva anayebeba abiria kutwa nzima anapaswa kupandisha hatua hiyo. Akiiacha chini, sehemu ya nyuma huinama, mbele hunyanyuka, usukani huwa mwepesi na taa humulika mitini badala ya barabarani.

La nne ni kuizoesha injini. Katika kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo, pistoni na silinda bado zinalainishana. Kuikamua injini wakati huo, au kuiacha iungurume muda mrefu kwa mwendo mmoja, ni kuipunguzia umri. Oili ya kwanza hubeba chembechembe za chuma zinazotokana na msuguano huo, ndiyo maana watengenezaji husisitiza imwagwe mapema katika huduma ya kwanza.

Hapa pana tahadhari ya bei rahisi inayookoa fedha nyingi. Katika pikipiki hizi, klachi huogelea katika oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo ni vizuri kwa gari lakini huifanya klachi ya pikipiki iteleze. Mnunuzi atafute kopo lenye maandishi ya JASO MA, kiwango cha Kijapani kilichowekwa mahususi kwa pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, na achague uzito wa oili uliotajwa katika kitabu.

Matairi: Viganja viwili vya mpira

Pikipiki nzima, pamoja na dereva, abiria na mzigo, husimama juu ya sehemu mbili za mpira zisizozidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Nguvu yote ya injini na ya breki hupita hapo. Tairi likiteleza, breki nzuri haina kazi na injini kubwa haina maana.

Hata hivyo, kuyatupa matairi mapya ya kiwandani siku ya kwanza ni ufujaji. Njia ya busara ni kuitenga fedha ya tairi mapema na kubadilisha kabla tairi la zamani halijawa kipara. Ndani ya mifereji ya tairi huwa kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikichakaa hadi kulingana na vinundu hivyo, muda wa kubadilisha umefika.

Wakati wa kuchagua tairi jipya, barabara anayopita dereva ndiyo mshauri mkuu. Anayezunguka katikati ya jiji na kwenye lami ya Barabara ya Morogoro anahitaji mifereji ya kutoa maji na eneo pana la mpira linalogusa lami. Anayepita kila siku katika mchanga na matope ya mitaa ya pembezoni, ambako lami haijafika, anahitaji kashata zilizoachana. Kashata kubwa kwenye lami yenye maji hushika vibaya na huisha haraka, hivyo tairi la porini kwa kazi ya mjini ni hasara juu ya hasara.

Jambo jingine ni umri. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama tairi halijawahi kutumika. Ubavuni mwa matairi mengi kuna namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Namba 2324, kwa mfano, ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani kwa miaka mingi, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, si la kununua.

Breki: Tofauti ya urefu wa basi

Katika hesabu ya breki, dereva hushindana na mambo mawili: muda wa akili yake kutambua hatari na umbali ambao chombo huhitaji ili kisimame. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kutambua hatari huila mita 11, na breki nzuri juu ya lami kavu huhitaji mita nyingine zipatazo 12. Jumla ni mita 23. Kwa kilomita 80, mita 22 huliwa na sekunde ileile moja na breki huhitaji takriban mita 49. Jumla ni mita 71. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama umeongezeka mara tatu.

Pikipiki nyingi za bei nafuu huja na breki za ngoma mbele na nyuma. Breki hizo hufanya kazi vizuri zikitunzwa, lakini hujaa vumbi, waya zake hunyooka na pedi huisha bila dereva kutambua, kwa sababu uchakavu huja polepole. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tofauti kati ya breki iliyotunzwa na ile iliyopungua theluthi moja ya nguvu zake inaweza kufika mita 12 hivi, sawa na urefu wa basi kubwa. Pedi halisi, waya mpya na kusafisha ngoma ni kazi ya gharama ndogo mno ikilinganishwa na eksozi, na hakuna kifaa kingine kinachorudisha thamani kubwa kiasi hicho.

Kwa anayechagua kati ya aina mbili za pikipiki dukani, breki ya diski mbele inastahili nyongeza ya bei. Ni rahisi zaidi kuinunua ikiwa imefungwa kiwandani kuliko kuifunga baadaye, kwa kuwa kuibadilisha hugusa kitovu cha gurudumu, uma wa mbele na usukani. Nchini India, zinakotoka nyingi kati ya pikipiki hizi, sheria imetaka tangu Aprili 2019 kwamba pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 ziwe na mfumo unaozuia gurudumu kujifunga wakati wa breki, na zile ndogo ziwe na mfumo unaoziunganisha breki za mbele na nyuma. Sheria hiyo ni ya soko la ndani la India. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi hana budi kuuliza na kukagua mwenyewe kilichomo katika chombo anachouziwa.

Lipo pia suala la mazoea. Madereva wengi huogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma pekee. Pikipiki inaposimama, uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi. Kujifunza kuibana breki ya mbele polepole kisha kwa nguvu, katika uwanja mtupu na barabara kavu, ni nyongeza ya uwezo isiyouzwa katika duka lolote.

Kofia: Kifaa kinachosahaulika katika bajeti

Wanaopanga bajeti ya pikipiki huiweka kofia ngumu mwishoni, kana kwamba ni pambo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali.

Faida hiyo haitokani na ganda la plastiki peke yake. Ndani ya kofia ya kweli kuna povu gumu linalobonyea wakati wa mgongano na kumeza nguvu ya pigo kabla haijaufikia ubongo. Kofia yenye sponji laini tu ndani yake inakinga mvua na jua, si kifo. Mnunuzi aishike, abonyeze ndani kwa kidole gumba, akague mkanda wa kidevuni, na aivae aone kama inakaza kichwa bila kucheza. Alama ya herufi E ndani ya duara huonyesha kwamba kofia imepimwa kwa kufuata kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa. Kwa kuwa stika huweza kughushiwa, alama hiyo isimfanye mtu aache kukagua kwa mikono yake.

Kofia iliyokwishapata pigo kubwa haifai tena, hata ganda lake likionekana zima, kwa sababu povu lililobonyea halirudi. Anayebeba abiria anunue mbili, kwani fuvu la abiria si gumu kuliko la dereva.

Sproketi: Nguvu inayonunuliwa kwa meno

Baada ya hayo ndipo unapofika wakati wa kugusa mwendo. Njia nafuu kuliko zote ya kubadili tabia ya pikipiki ni kubadili idadi ya meno ya sproketi, lile la mbele linalotoka kwenye gia na lile la nyuma lililofungwa kwenye gurudumu.

Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Ukigawanya 42 kwa 14 unapata 3, maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukifunga meno 15 mbele, uwiano unashuka hadi 2.8. Injini itazunguka kwa asilimia 7 pungufu katika mwendo uleule, itatulia katika safari ndefu za lami tambarare, lakini itachoka milimani na wakati wa kuondoka na abiria. Ukifunga 45 nyuma na kubakiza 14 mbele, uwiano unapanda hadi 3.2. Chombo kitavuta mzigo kwa wepesi zaidi, lakini kitalia zaidi katika mwendo mkubwa.

Dereva wa mjini anayesimama na kuondoka kila baada ya mita mia chache, au anayefanya kazi kwenye miinuko, atafaidika na uwiano mkubwa. Anayesafirisha mizigo myepesi kati ya mji na mji anaweza kufaidika na mdogo. Jambo la kukumbuka ni kwamba sproketi na mnyororo hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa mnyororo uliochakaa hula meno mapya kwa muda mfupi. Aidha, ongezeko la jino moja mbele ni badiliko kubwa kuliko linavyosikika, hivyo mabadiliko yafanywe kidogo kidogo.

Suala la miinuko lina upande mwingine. Hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Pikipiki ileile iliyokuwa nyepesi Kigamboni itakuwa imepoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake katika mji wa Mbeya, ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Fundi mwelewa huko hurekebisha kabureta ili petroli ilingane na hewa iliyopo, na kushauri sproketi ya kuvuta. Anayeuza kifaa cha "kurudisha nguvu" kwa bei kubwa anauza asichokuwa nacho.

Taa na umeme

Taa kali ni ombi la pili kwa umaarufu baada ya eksozi, na kwa anayefanya kazi usiku lina msingi. Hata hivyo, jenereta ya pikipiki ndogo hutoa umeme wa kukadiriwa. Balbu ya mbele ya kawaida ni ya wati 35. Ukiongeza taa kadhaa, spika na chaja ya simu kwenye waya zilezile, betri hufa mapema, waya hupata joto na fyuzi hukatika mahali pasipo na fundi.

Kabla ya kununua taa mpya, isafishwe kioo, irekebishwe pembe yake na ikaguliwe kama indiketa na taa ya breki zinawaka. Taa nyeupe kali iliyoelekezwa juu humpofua dereva wa gari anayekuja mbele, na mtu aliyepofuliwa ndiye anayeweza kuhamia upande wa mwenye pikipiki. Stika zinazoakisi mwanga, zikibandikwa nyuma na ubavuni, hugharimu kidogo na hazitumii umeme hata chembe.

Eksozi, chujio na kabureta: Mafiga matatu

Linabaki lile ambalo vijana wengi hulitaka kwanza. Katika injini ya mipigo minne, chujio la hewa, kabureta na bomba la moshi hupimwa kiwandani kwa pamoja. Vitatu hivyo ni kama mafiga matatu: likiondolewa moja, chungu hupinduka.

Bomba likitobolewa au likibadilishwa kwa lile lililo wazi, moshi hutoka kwa namna ambayo kabureta haikuandaliwa kwayo. Mara nyingi mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, injini inapata joto kupita kiasi na valvu ya kutolea moshi inaungua. Zaidi ya hayo, nguvu ya mwendo mdogo, ambayo ndiyo dereva wa mjini anaihitaji wakati wa kuondoka, hupungua. Kinachoongezeka bila shaka ni kelele, na sikio hudanganywa kuamini kwamba kelele ni mwendo.

Kuondoa chujio la hewa ni hatari zaidi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga unaoingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Ringi huisha, injini huanza kula oili na moshi wa bluu huonekana nyuma. Injini ambayo ingefanya kazi kwa miaka hulazimika kufunguliwa mapema.

Ili kuziba makosa hayo, fundi hushauri jeti kubwa au kabureta kubwa, na hapo petroli huanza kunywewa. Tuseme pikipiki hutembea kilomita 120 kwa siku na hutumia lita moja kwa kilomita 45. Hiyo ni takriban lita 2.7. Ikishuka hadi kilomita 36 kwa lita, matumizi yanapanda hadi lita 3.3. Tofauti ni theluthi mbili ya lita kwa siku, zaidi ya lita 17 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, na zaidi ya lita 200 kwa mwaka. Msomaji anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei kikomo ambazo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza kila mwezi.

Kupanua silinda na kuweka pistoni kubwa kuna tatizo la ziada. Kadi ya usajili hutaja ukubwa wa injini, na chombo kisicholingana na kadi yake humtia mmiliki matatani mbele ya polisi na kampuni ya bima. Waranti ya muuzaji nayo kwa kawaida hufa siku injini inapofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa.

Kuigawa Sh300,000

Tuseme basi kijana amebakiwa na Sh300,000 baada ya kukabidhiwa chombo. Bei hutofautiana kati ya duka na duka, lakini mgawanyo unaweza kufuata mpangilio huu. Takriban Sh120,000 ziende kwenye kofia mbili zenye povu gumu. Sh60,000 zitengwe kwa huduma ya kwanza na oili za miezi ya mwanzo. Sh80,000 ziwekwe pembeni zikisubiri tairi, zisiguswe kwa ajili ya kitu kingine. Zinazobaki, Sh40,000, zitumike kwa pedi na waya za breki zitakapohitajika, pamoja na stika za kuakisi mwanga.

Sproketi isubiri hadi ile ya kiwandani ichakae. Kwa kuwa lazima ibadilishwe siku hiyo, mwenye chombo atachagua idadi ya meno inayofaa kazi yake bila kulipa gharama ya ziada. Kwa anayemaliza mkataba, ndipo pia pa kuwaza juu ya bampa na muziki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki yenye eksozi iliyotobolewa husikika mtaa mzima, na tajiri anayesubiri hesabu jioni huisikia pia. Ile yenye upepo sahihi, mnyororo uliokazwa vyema na breki zinazoshika hupita kimya kimya. Abiria aliyeipanda asubuhi akafika salama ndiye anayepiga simu jioni kuuliza kama dereva wake yupo karibu.